Muhuri wa Kopo la Biskuti

Muhuri wa kamati ulikaa ndani ya kopo la biskuti, na kopo lilikaa juu ya kabati la Ña, yaani Bi, Eulogia, nyuma ya sanamu ya Bikira. Kwa miaka kumi na moja mume wake, Don Crescencio Brizuela, alikuwa mwenyekiti wa wafyatua tofali wa Arroyo Moroti, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwuliza muhuri unalala wapi. Kwa watu wa ukingo ule wa mto Paraná, mwenyekiti na muhuri wake vilikuwa kitu kimoja. Nasema vilikuwa, maana ukingo wenyewe haupo tena, na mimi niliyeuona ukiondoka sina hamu ya kusimulia kwa upole.

Ilikuwa Septemba gari la vipaza sauti lilipopita kwenye vumbi jekundu likitangaza kwamba tarehe mosi Novemba maji ya bwawa yatapandishwa mita moja na nusu. Bwawa ni la nchi mbili, letu na la jirani wa ng'ambo. Mawaziri wawili walikuwa wamekutana hotelini, mbali kabisa na mto, wakatia sahihi karatasi iitwayo kumbukumbu ya maelewano. Gazeti lilitoa picha yao wakipeana mikono. Karatasi yenyewe haikuonekana mahali popote.

Mita moja na nusu ni kitu kidogo kwa mtu wa ghorofani. Kwa Arroyo Moroti ilikuwa udongo wote. Udongo mweusi unaotoa tofali zuri ulikuwa pale chini ukingoni, na matanuri arobaini na moja yalikuwa hatua chache tu juu yake. Bila udongo ule, familia arobaini na moja hazikuwa na kazi nyingine ya kushika.

Jioni ya siku ile Don Crescencio alikaa na wenzake kivulini mwa banda la kukaushia. Farasi wake mzee alikuwa akizunguka kinu cha kuchanganyia udongo, na pembe ya terere ikizunguka mikononi mwa watu, maji ya barafu yakimiminwa juu ya majani, kila mmoja akivuta mrija uleule. Binti yake Liduvina alifika kutoka kazini mjini, akaunganisha viganja mbele ya baba yake kama alivyofanya tangu utotoni. Alikuwa na miaka ishirini na saba na hakuona haya.

"Baraka, baba."

"Mungu akubariki, mwanangu."

"Haya, wewe msomi," alisema Ña Tomasa, mjane mwenye tanuri la jirani, mama wa ubatizo wa Liduvina, na kwa hiyo comadre wa Don Crescencio. "Tuambie hao mawaziri wamesaini nini. Mimi kwenye gazeti naona tai tu."

"Sijui, mama. Hakuna anayejua. Nimeuliza mpaka mahakamani."

"Kama ni jambo jema wangelitangaza kwa vipaza sauti," alisema Tomasa. "Mtu akikuficha chungu, ujue nyama si yako. Mwenyekiti, twende tukaione hiyo karatasi. Au na wewe umenunuliwa tai?"

Watu walicheka. Don Crescencio alicheka pia, akarudisha pembe kwa aliyekuwa akimimina.

"Twende," alisema. "Kwa nini tusiende."

*

Ofisi ya Mamlaka ya Bwawa ilikuwa na milango ya kioo na baridi ya mashine. Walikwenda wanne: Don Crescencio, Tomasa, Liduvina, na Wakili Insfrán, mwanamke kijana wa mjini aliyeichukua kesi yao bila malipo kwa kuwa babu yake alikuwa mfyatua tofali. Don Crescencio alivaa shati lake la misa. Hata hivyo udongo wa tofali hauishi kuchani wala kwenye viatu, na mlinzi aliwatazama viatu kwanza, halafu akaleta magazeti ya zamani na kuyatandaza juu ya sofa kabla hawajakaa.

"Samahani wazee, sofa ni jeupe."

Liduvina aliona aibu hadi masikio yakawaka. Tomasa alivuta gazeti lililokuwa chini yake, akalitazama, akalirudisha taratibu na kukaa tena.

"Hawa hapa mawaziri," alimnong'oneza Liduvina. "Leo angalau nimewakalia."

Walikaa saa mbili na nusu. Hatimaye alitoka afisa mmoja mwenye sauti laini, akazungumza Kihispania cha ofisini. Don Crescencio alipomjibu kwa Kiguarani, lugha yetu ya ukingoni, yule alitabasamu kama anayemsikiliza mtoto.

"Hati mnayoiulizia si mkataba," alisema. "Mkataba huenda Bungeni, ukajadiliwa, ukachapishwa. Hii ni kumbukumbu ya maelewano baina ya watendaji. Haihitaji kupelekwa Bungeni, kwa hiyo haichapishwi."

"Tuoneshe tu," alisema Wakili Insfrán.

"Upande wa pili haujaridhia ioneshwe."

"Upande wa pili ni sisi," alisema Tomasa.

"Upande wa pili ni nchi ya pili, mama."

Liduvina hakujizuia. "Kama si mkataba na si sheria, basi haina nguvu. Kama haina nguvu, msipandishe maji."

"Hati haina nguvu, dada, hilo ni kweli," afisa alisema, na wala hakuwa anatania. "Lakini utekelezaji wake umeshaanza."

Wakati huo mtu mnene mwenye kofia ya plastiki alipita ukumbini. Alikuwa Injinia Samudio, ambaye mwezi Mei aliwaletea ng'ombe mzima kwa Sikukuu ya Msalaba. Aliwapungia wote, halafu akampiga Don Crescencio begani.

"Mwenyekiti! Mzima? Mama anaendeleaje na miguu?"

"Mzima," alijibu Don Crescencio, akitazama sakafu.

Tomasa alimfuata injinia kwa macho hadi mlango ulipofungwa. "Yule angalau ana utu," alisema. "Amekumbuka miguu ya Eulogia."

Njiani Wakili Insfrán aliwaeleza kwamba limebaki tundu moja la kupitia. Wangemwomba hakimu asimamishe maji kwa hoja moja tu: kwamba familia arobaini na moja hazikuulizwa. Ikithibitika hazikuulizwa, huenda hakimu akazuia hadi waulizwe.

"Hilo ni rahisi," alisema Tomasa. "Nani kaniuliza mimi? Hata mbwa wangu hajaulizwa. Au siyo, Don Crescencio?"

"Ndiyo," alisema Don Crescencio. Akatangulia mbele yao.

*

Liduvina alifanya kazi katika duka la kunakili karatasi, mlango wa pili kutoka mahakamani. Majalada yote ya mahakama ile yalipita mikononi mwake, maana mahakama ilikuwa na mashine moja na mashine hiyo ilikufa zamani. Makarani walimletea talaka, wizi wa ng'ombe na ugomvi wa mipaka, naye alinakili bila kusoma. Angesoma yote angekosa usingizi.

Jumanne moja ya Oktoba karani alimwekea jalada juu ya kaunta. "Nakala tatu. Majibu ya Mamlaka kwa kesi ya watu wa tofali. Si ndiyo kesi yenu hii? Jifanye hujaona."

Hakimu alikuwa ameiamuru Mamlaka ijibu, nayo kwa kujitetea ililazimika kutoa karatasi iliyofichwa. Moyo wa Liduvina ulidunda kwa furaha. Karatasi ile waliyoisaka wiki zote zile imekuja yenyewe, tena mikononi mwake! Aliweka ukurasa wa kwanza kwenye kioo. Mawaziri wawili, sahihi mbili zenye mikia mirefu. Ukurasa wa pili, vipimo vya maji. Ukurasa wa tatu ulisema jamii husika zimearifiwa na zimeridhia, kama inavyoonekana kwenye viambatisho.

Kiambatisho cha kwanza kilikuwa barua fupi ya ridhaa. Chini yake palikuwa na muhuri wa mviringo wenye tofali katikati na ufa mdogo upande wa kushoto, pale Liduvina alipouangusha akiwa msichana wa shule. Juu ya muhuri, sahihi ya baba yake, ileile aliyokuwa akimwekea kwenye ripoti za shule.

Kiambatisho cha pili kilikuwa orodha ya majina arobaini na moja, mengine kwa kalamu, mengine kwa dole gumba. Aliitambua kabla hajasoma. Ilikuwa karatasi ya mahudhurio ya Sikukuu ya Msalaba. Kwetu mkutano wowote huanza kwa kusaini mahudhurio: ukitaka kula, saini, ukitaka kuongea, saini, yatakayozungumzwa huandikwa baadaye, juu, kwenye nafasi iliyoachwa wazi. Tumefanya hivyo tangu enzi za babu zetu na hakuna aliyeona ubaya. Kwenye kona ya karatasi palikuwa na doa la mafuta ya nyama choma. Na juu ya majina, mahali palipokuwa wazi mwezi Mei, sasa palikuwa pamechapwa: Sisi tuliotia sahihi hapa chini tunaridhia.

Jina la ishirini na tatu lilikuwa lake mwenyewe.

"Mbona umesimama?" mwenye duka alimwita kutoka ndani. "Karani anasubiri."

Liduvina alibonyeza kitufe. Alitoa nakala tatu kama alivyoagizwa, na ya nne akaikunja na kuiingiza kifuani.

*

Alimkuta baba yake uwanjani, amepiga magoti akifyatua. Alijaza udongo kwenye kalibu ya mbao, akausawazisha kwa kiganja, akanyanyua. Mbili mbili, kwa safu iliyonyooka. Tofali mbichi elfu kumi na nane zilikuwa zimeshakauka bandani zikisubiri kupangwa tanurini. Liduvina alisimama mbele yake. Hakuunganisha viganja.

Don Crescencio alingoja. Aliinua uso, akaona karatasi mkononi mwa binti yake, akaiweka kalibu chini.

"Imetoka," alisema.

"Ulijua kwamba ipo."

"Nilijua."

"Umetupeleka pale ofisini. Umekaa juu ya gazeti pamoja nasi saa mbili na nusu, kuomba karatasi ambayo muhuri wake umetoka juu ya kabati letu!"

"Punguza sauti. Mama yako yuko jikoni."

"Kwa nini, baba?"

Alijifuta mikono kwenye suruali, na mikono haikusafika. "Injinia alikuja mwezi Aprili, peke yake. Alisema maji yatapanda, tupende tusipende. Alisema kuna malori mia mbili ya udongo kila mwaka kutoka upande mwingine, kwa ajili yetu sote. Lakini wa ng'ambo ni wagumu. Wakisikia kelele watajitoa, na sisi tukose vyote. Akasema nikae kimya mpaka mawaziri wasaini. Nikaona bora nusu mkate. Nilifikiri nitakuja kuwatangazia jambo jema, mwanangu."

"Nimesoma yote. Hakuna malori mia mbili. Imeandikwa, pande zitajitahidi kadiri bajeti itakavyoruhusu."

"Aliniambia kwa mdomo. Alikunywa terere hapa, kwenye pembe yangu."

"Na majina? Jina langu?"

"Ile alisema ya hesabu tu. Waone mjini kwamba ng'ombe kweli ameliwa. Ile niliamini." Aliikwangua kalibu kwa kidole gumba. "Ya kwangu sikudanganywa. Ile barua niliisoma nikaelewa."

Liduvina alitaka kulia lakini hasira ilitangulia. "Alikupa nini?"

"Hakunipa kitu."

"Baba."

"Nyumba ya kona," alisema Don Crescencio. "Kule juu watakakotuhamishia. Karibu na barabara, sakafu ya vigae. Miguu ya mama yako haiwezi kupanda kilima."

Ña Eulogia alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, kisu mkononi, muhogo uliomenywa nusu katika mkono wa pili. Haikujulikana alikuwa pale tangu lini. Aliingia chumbani, na walisikia kiti kikiburutwa. Alitoka na kopo la biskuti, akaja nalo taratibu kwa miguu yake ya kuvimba hadi uwanjani, kati ya tofali mbichi.

"Biskuti za humu tulikula siku ya harusi yetu," alimwambia mumewe. "Toa muhuri wako. Nataka kopo langu."

*

Wakili Insfrán alisoma nakala ile mara mbili, akavua miwani.

"Kesi imekufa," alisema. "Labda kitu kimoja. Mwenyekiti asimame mbele ya hakimu aseme alisaini peke yake, hapakuwa na mkutano, na majina yalikuwa ya chakula. Ridhaa itaanguka. Lakini Don Crescencio, utasema mbele yao wote. Na Mamlaka inaweza kukushtaki kwa kughushi."

"Nitasema," alijibu.

Sitaki mtu adhani alikuwa shujaa. Usiku na mchana wa juma lile mke wake alimwekea chakula bila neno, na binti yake alipita mbele yake bila kuomba baraka. Mtu akinyimwa vitu hivyo viwili huenda popote anapoambiwa.

Chumba cha mahakama kilijaa. Watu wa ukingo walisimama kandokando ya kuta wakiwa na mashati ya misa, na walipomwona mwenyekiti wao akiitwa mbele wengine walimpigia makofi, wakidhani anakwenda kuwatetea. Alisema yote. Alisema Aprili, alisema barua, alisema ng'ombe, alisema nyumba ya kona. Alipofika kwenye orodha alinyoosha mkono kuwaelekea watu wa kandokando ya kuta.

"Hawa watu hawakuridhia chochote, bwana hakimu. Walisaini nyama."

Hakuna aliyepiga makofi tena. Alipokuwa akirudi kukaa, safu nzima ya waliokaa benchini ilijitenga naye, na haikuwa kumpisha. Ña Tomasa alimwinulia dole gumba lake, jeusi kwa udongo wa miaka hamsini.

"Siku ile lilikuwa na mafuta," alisema kwa sauti ya chini. "Uliniambia mwenyewe, comadre, bonyeza hapa kisha ukale mbavu. Miaka thelathini tunakunywa pembe moja, Crescencio."

Hakumwita Don.

Hukumu ilitoka siku ya tatu, kurasa nne. Wakili Insfrán aliwasomea barazani, kisha akaitafsiri kwa Kiguarani, maana maneno yenyewe yalikuwa magumu. Hakimu alikubali kwamba ridhaa ilikuwa ya mashaka. Alikubali hata kwamba mwenyekiti hakuwa na mamlaka ya kusaini peke yake. Lakini karatasi ya mawaziri haikuwa mkataba, wala sheria, wala amri. Ilikuwa maelewano. Haimfungi mtu yeyote, na kisichofunga hakiwezi kufunguliwa. Hapakuwa na kitu cha kubatilisha.

"Subiri," alisema Tomasa. "Kwa hiyo ile karatasi si kitu?"

"Kisheria, si kitu."

"Na maji?"

"Maji yatapanda."

Tomasa alitikisa kichwa. "Kisu hakina makali, na ng'ombe kachinjwa," alisema. Aliteremka ngazi akishikilia ukuta.

Don Crescencio alibaki barazani na kofia mikononi. Alikuwa amejivua nguo mbele ya watu wote, na haikusaidia kitu. Wakili alimgusa mkono, akaondoka kuwahi kesi nyingine.

*

Kupanga tofali tanurini si kazi ya mtu mmoja. Desturi ya ukingo ni kwamba mwenye tanuri huita majirani, nao huja na glavu zao kuukuu, wakipeana tofali mkono kwa mkono toka bandani hadi ndani, na jioni mwenye tanuri huwapa chakula. Kila mtu humsaidia mwenzake kwa zamu. Wiki ya mwisho ya Oktoba watu wote walichoma haraka haraka wakiokoa walichoweza, na moshi ulitanda mto mzima. Don Crescencio alipita nyumba kwa nyumba. Kwa mmoja mbwa alifunguliwa. Kwa mwingine walikuwa wamekaa wanakunywa terere. Wakamkaribisha kiti, maana adabu ni adabu, na pembe ikazunguka. Ilipomfikia ilimruka, ikaenda kwa mtu wa pembeni. Alingoja mizunguko mitatu, akaaga.

Alizipanga mwenyewe na Liduvina, baba na binti, bila kuzungumza, kwa siku nne. Ña Eulogia aliwapokelea akiwa amekaa kwenye kiti. Walifikisha elfu tatu. Tarehe mosi asubuhi maji yaliingia uwanjani bila kelele, kama mgeni anayejua njia. Yalizunguka kinu, yakazima kaa la kwanza chini ya tanuri, yakaingia bandani. Tofali mbichi likilowa halipasuki. Hulegea tu pembe zake, likakaa chini, likarudi kuwa udongo. Safu za chini zilikwenda kwanza, na za juu zikazilalia. Ilipofika saa sita mchana bandani hapakuwa na tofali hata moja, palikuwa na tope jeusi, zuri, la kufyatulia.

Don Crescencio aliingia ndani ya maji hadi magotini akamfungua farasi. Liduvina alimwona akisimama pale na kamba mkononi, analia waziwazi, na kwa mara ya kwanza tangu aione ile karatasi alimwonea huruma. Lakini hakumfuata majini, akaenda kumshika mama yake mkono wapande kwenye lori la kuwahamisha.

*

Makazi mapya yalikuwa juu ya kilima, nyumba arobaini na moja za tofali za saruji zilizofanana. Tofali za saruji! Ña Tomasa alizigonga kwa kidole akasema hata kuku angeona aibu kulala humo. Nyumba ya kona ilipewa mtunza pampu, mpwa wa mtu fulani. Ya akina Brizuela ilikuwa mwisho wa mstari, juu kabisa. Bomba lilikuwa moja, chini barabarani, na mwezi mzima Ña Eulogia aliteremka na kupanda na ndoo, akipumzika mara tano njiani.

Desemba, joto likiwa limeshika, alikuja msichana wa Mamlaka mwenye shati jeupe na ubao wa kuandikia. Watu walikusanyika chini ya turubai. Alikuwa na adabu, aliwaita wazee na mama.

"Ni mahudhurio tu," alisema. "Kila mtu mzima asaini, ndipo tuanze kuwavutia mabomba majumbani."

Karatasi ilianza kupita. Don Crescencio alikuwa amesimama nyuma, nje ya kivuli, mahali alipozoea sasa. Alinyoosha shingo, akaona. Majina yalianzia katikati ya ukurasa. Juu palikuwa na weupe mtupu.

"Juu pako wazi!" alisema. "Jamani, msisaini. Juu pako wazi. Mwambieni aandike kwanza, msome, ndipo msaini!"

Karatasi ilisimama kwa aliyekuwa nayo. Halafu mtu alicheka, na mwingine, hata turubai zima likacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha.

"Sikilizeni nani anatufundisha kusoma," alisema Ña Tomasa. Alibonyeza dole gumba lake kwenye wino, akalibandika karatasini, huku akimtazama machoni.

"Anasema kweli," alisema Liduvina. Alimgeukia msichana. "Hapo juu pataandikwa nini?"

"Itachapwa ofisini, dada."

"Basi tutasaini ikishachapwa."

"Hakuna anayelazimishwa," alisema msichana kwa upole. "Ila nyumba ambazo hazijasaini zitasubiri awamu nyingine."

"Awamu nyingine ni lini?"

"Hapo bado hawajaelewana."

Ubao ulifika kwa Ña Eulogia. Hakumtazama mumewe wala binti yake. Aliandika jina lake lote, pole pole, herufi kwa herufi kama alivyofundishwa na masista, akampa Liduvina kalamu. Liduvina aliishika. Alitazama ule weupe wa juu, halafu akatazama miguu ya mama yake iliyofura ndani ya kandambili, na ndoo mbili kando yake. Akasaini.

Ndipo Don Crescencio alipoingia kivulini. Watu walimpisha, na wengine waligeuza nyuso. Alimkaribia msichana, akavua kofia, akanyoosha mkono kuomba kalamu. Msichana alipitisha kidole kwenye orodha yake hadi alipolipata jina, akatabasamu.

"Brizuela Crescencio," alisema. "Wewe mzee usijisumbue. Sahihi yako tunayo."